Kiti cha magurudumu cha duka la mjini vs kile cha kupimwa, na mlango wa choo wa sentimita 61

Wacha niseme mapema hii riviu ni ndefu, kama uko kwa matatu na simu iko asilimia nne shuka tu hadi pale nimeongelea sponji, hapo ndio kuna mambo. Mimi ni mtu wa boda, niko Dandora, na msichana wangu ana miaka kumi, alizaliwa na mgongo wazi, ile spina bifida. Alifanyiwa operesheni hospitali ya Kijabe akiwa na wiki mbili, akawekewa ile shanti ya kutoa maji kichwani, na akili yake iko sawa kabisa, saa zingine iko sawa kuliko yangu, anajua tebo hadi ya kumi na mbili na nikirudi jioni ananihesabia pesa za siku ananiambia baba hapa kuna mtu alikupunja. Miguu ndio haina nguvu, na kutoka kiunoni kushuka chini hasikii kitu. Hiyo ya kutosikia iweke akilini, tutairudia.

Kiti cha kwanza nilinunua tauni, yaani mjini, duka moja la vifaa vya hospitali, silitaji jina kwa sababu nilikuwa nimezunguka mengine matatu na yote yanauza kitu kile kile. Nililipa 14,500 baada ya kubishana, walianza na 18. Ni kile kiti umeona kila wodi, chuma ya kung'aa, ngozi bandia nyeusi, ukivuta pa kukalia juu kinajikunja katikati. Jamaa wa duka hakuuliza kiti ni cha nani, aliuliza tu kama nataka risiti. Mimi pia sikuuliza kitu maanake nilikuwa na furaha bana, nikakifunga nyuma ya pikipiki na zile kamba za raba nikapita nacho Juja Road, watu kwa stage wananiambia pole sana, nashindwa pole ya nini na mimi naenda kumpatia mtoto miguu.

Sasa shida. Pa kukalia pana inchi 18, yaani sentimita kama 46. Mtoto wakati huo nyonga zake ni sentimita 27. Akaingia mle ndani kama ndizi moja kwa beseni. Mimi nikajiambia hakuna noma, ni kama yunifomu, si sote tunanunua kubwa ndio akue ndani? Hapo ndio nilikosea na nimeamua kuandika haya yote kwa sababu najua kuna mzazi mahali saa hii anafikiria hivyo hivyo. Sweta kubwa haimuumizi mtoto. Kiti kikubwa kinamlaza upande mmoja, mgongo unapinda, na mikono ya kiti inamfika kwapani kwa hivyo akitaka kushika magurudumu ajisukume lazima ainue mabega kama kuku anataka kuruka ua. Alijaribu siku mbili akachoka. Kuanzia hapo akawa mtoto wa kusukumwa.

Vile vigurudumu vidogo vya mbele navyo ni vya sakafu ya hospitali, vinataka taili. Huku kwetu ni murram na mtaro na mawe ya mtu alikuwa anajenga akaacha. Vinazama, kiti kinasimama ghafla, mtoto anaendelea. Ameanguka kifudifudi mara tatu nikihesabu zile niliambiwa.

Na sponji. Hicho kiti hakiji na sponji, ni ile ngozi tu imetandazwa kama kitanda cha kamba, na baada ya miezi mitatu inaanza kubonyea katikati. Mtu mwenye anasikia akikaa vibaya anajisogeza, wewe hapo ulipo umejisogeza mara ngapi tangu uanze kusoma? Yeye hasikii. Mama yake akimwogesha jioni moja akaona alama nyekundu pale pa kukalia, sisi tukadhani ni upele, tukapaka mafuta. Wiki iliyofuata ni kidonda kinaingiza ncha ya kidole. Wiki saba amelala kwa tumbo, kubadilisha bandeji kila baada ya siku moja, shule hakuna. Nilinunua kiti ndio aende shule, kiti kikamtoa shule wiki saba. Nyota moja, na hiyo moja ni ya breki, breki zilikuwa poa.

Lakini hiyo bado si kitu kiliniudhi zaidi kuhusu hicho kiti. Ngoja.

Kabla ya kidonda tulikuwa tumempeleka asesmenti, maanake bila barua yao shule nyingi hata hawakusikizi. Hii huduma iko Kenya tangu 1984, Wadenmark ndio walisaidia kuianzisha, na kazi yake ni kumwangalia mtoto na kusema anafaa kusoma wapi na anahitaji kusaidiwa na nini. Afisa tuliyempata alikuwa mtu mzuri, sina neno mbaya, alimsomesha hadithi, akampa hesabu, akamwambia achore nyumba, akaandika anaweza kusoma shule ya kawaida. Barua safi, muhuri wa duara. Ila kwa zile fomu zote hakuna mahali palikuwa pa kuandika upana wa kiti chake, wala hakuna aliyeuliza hiyo shule ya kawaida ina mlango wa upana gani.

Tukaenda shule ya kwanza, ya serikali, jina tuliache. Hedi ticha akamtazama mtoto. Na alichoona ni nini? Mtoto ameegemea upande, mabega yamepanda, miguu inaning'inia kwa sababu pa kuwekea miguu hapafiki, anasukumwa na mama yake. Akaisoma barua, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema, "Baba, sisi hatujamkataa, lakini hapa hatuna mtu wa kumshughulikia. Mbona msijaribu shule ya special?" Hiyo ndiyo ile kitu iliniuma. Kiti kilikuwa kimemfanya mtoto wangu aonekane hawezi kitu, na mwalimu akamhukumu kulingana na kiti. Mtoto mwenyewe alikuwa hapo anasikia, alikuwa anasoma ile chati ya ukutani polepole bila kuambiwa.

Halafu hiyo "hatujamkataa" mzoee, utaisikia. Sheria ya elimu ya msingi ya 2013, kifungu cha 34, inasema shule isimbague mtoto anayetafuta nafasi, na ulemavu umetajwa hapo kwa jina. Nilikuwa nayo kwa simu, nimeisevu. Lakini wewe ukiwa umekaa kwa ile benchi ya nje ya ofisi unabembeleza, huwezi kutoa simu uanze kumsomea mkubwa vifungu, utapata nafasi leo na kesho mtoto ndiye ataishi na huyo mtu. Kwa hivyo nikabembeleza. Akachukuliwa.

Choo ndicho kilimtoa. Walikuwa na choo cha walemavu, kimechorwa hadi ile alama ya bluu mlangoni, mpya kabisa. Kufuli. Funguo iko na mwalimu mmoja ambaye alikuwa likizo ya uzazi. Siku walifungua nikakuta ndani mafagio na magunia mawili ya maharagwe, na rampu yake imeinuka kama ya kupandisha ng'ombe kwa lori. Fundi mmoja aliniambia baadaye hesabu ya rampu ni moja kwa kumi na mbili, yaani ukitaka kupanda futi moja rampu iwe na urefu wa futi kumi na mbili, hiyo yao ilikuwa futi moja na nusu kwa futi tano. Na mlango nikaupima na futi ya mbao, sentimita 61. Kiti kilikuwa 66. Sentimita tano, upana wa vidole viwili vitatu. Hizo ndizo zilimfungia mtoto wangu, si ubongo, si walimu, si Katiba.

Wenye watoto wa mgongo wazi wanajua, mkojo unatolewa na mpira mwembamba, ile katheta, kila baada ya masaa kama manne, ukichelewesha unarudi juu unaharibu figo. Mama yake alikuwa anaenda saa nne kumsaidia, wanafanyia nyuma ya stoo wamezungushiwa leso. Mtoto akaona haya, akaanza mambo yake, akaacha kunywa maji asubuhi. Sisi hatukujua. Tulijua akianza kupata homa za kila mara na daktari akauliza huyu anakunywa maji kiasi gani kwa siku, mtoto akaangalia chini. Miaka nane, amejipangia sera yake mwenyewe ya choo.

Nikamtoa. Term moja na nusu nyumbani.

Kiti cha pili sasa. Watu wengi hawajui viti vinatengenezwa hapa hapa Nairobi, wanafikiri vyote vinatoka nje na kontena. APDK, chama cha walemavu wa viungo Kenya, kwa mfano wako kwa kazi hii tangu 1958 na wana karakana. Cha kwetu tulitengenezewa na fundi tuliyeelekezwa na kikundi cha wazazi, akifanya pamoja na mtu wa fizio. Siku ya kwanza hakuuza kitu. Alimkalisha mtoto kwa benchi akatoa tepu. Nyonga. Kutoka nyonga hadi nyuma ya goti, mguu wa kushoto halafu wa kulia, na haikuwa sawa, tofauti ya sentimita moja na nusu ambayo mimi baba yake sikuwahi kujua. Kutoka goti hadi kisigino. Mgongo hadi chini ya bega. Akamuuliza yeye, si mimi, "Unapenda kwenda wapi?" Mtoto akasema kwa nyanya yake Komarock, na dukani peke yangu. Akaandika hiyo pia.

Huyo fundi ndiye alinifungua macho. Alisema shirika la afya duniani lilitoa mwongozo 2008 wa kupeana viti kwa nchi kama zetu, na kuna hatua nane, kuanzia kuelekezwa na kupimwa, kuchagua kiti, kutafuta pesa, kukiandaa, kumweka sawa ndani yake, kumfunza kukitumia, hadi ile ya mwisho ya ukarabati na kumfuatilia. Nikahesabu duka la tauni lilifanya ngapi. Moja na nusu, kuchukua pesa na kunishikia kiti nikikifunga kwa pikipiki.

Bei 38,000 na sponji ndani. Najua. Wasee wa stage walichanga 11,000, wengine hata sijui walitoa wapi, shemeji akaongeza, iliyobaki nikalipa kidogo kidogo miezi mitano. Kwa hiyo pesa unapata nini: tairi za nyuma ni za baiskeli, inchi 24 za upepo, spoku za kawaida, kwa hivyo pancha inazibwa na fundi yeyote wa baiskeli hapa Dandora, shilingi hamsini na tunaendelea. Vigurudumu vya mbele vikubwa na vipana, na viko mbele zaidi, hakipinduki ovyo kikigonga jiwe. Sponji ni ya tabaka mbili, ngumu chini laini juu, imechongwa shimo pale mifupa inakaa, na fundi alinionyesha kuingiza mkono chini ya mtoto na kubonyeza kusikia kama mfupa umegusa chini. Jumapili jioni tunafanya hivyo kama vile wengine wanapiga pasi yunifomu. Miezi kumi na moja hakuna kidonda. Anajisukuma mwenyewe. Wiki ya pili alienda dukani akarudi na maziwa na chenji, akaingia ndani bila kusema kitu, kama ni kawaida yake.

Ubaya upo, hii ni riviu si matangazo. Ni kirefu na hakikunjiki vizuri, matatu nyingi hazikitaki, kondakta anakuangalia kama umebeba sofa, ama anakwambia utalipia viti viwili. Beringi za mbele zinaingia matope, lazima ufungue usafishe na upake grisi kila mwezi, na kama wewe si mtu wa spana utapata shida. Rangi ilianza kubanduka mapema. Na atakua kiwe kidogo, hiyo ndiyo kubwa. Pa kuwekea miguu panashushwa na boliti na upana unaweza kuongezwa kidogo, lakini akifika miaka kumi na mbili hivi tunaanza upya, 38 zingine, na sijui stage itachanga mara ngapi kabla wanitoroke. Nyota nne.

Akiwa na hicho kiti tukajaribu shule ya pili, ya serikali pia, na hapa hadithi inabadilika kiasi mama yake alilia kwa lango. Mtoto aliingia ofisini akijisukuma. Amekaa wima. Akamwamkia hedi ticha, shikamoo madam. Ni mtoto yule yule, barua ile ile ya asesmenti na mikunjo yake, lakini sasa mwalimu anamwongelesha yeye. Kuna mwalimu pale alisomea KISE kule Kasarani, ile taasisi ya serikali ya kufunza walimu wa mahitaji maalum, iko tangu 1986, na huyo mwalimu ndiye aliuliza swali nilikuwa nasubiri miaka mitatu mtu aulize. "Kiti kina upana gani?" Sitini, nikasema.

Hedi ticha akatoa tepu ya fundi nguo kwa droo, ile laini ya njano, tukaenda wote chooni, mkubwa mzima ameinama anapima mlango wa choo na mimi nimeshika ncha nyingine. Sitini na nane. Unapita. Lakini ndani hawezi kugeuka. Yule mwalimu akasema kiti kinataka nafasi ya mita moja na nusu kuzunguka, na tepu ya fundi nguo ni sentimita 150 kamili, kwa hivyo wakaitandaza sakafuni, ikiisha yote ndio nafasi, ukuta uko wapi? Ukuta ulikuwa katikati ya tepu. Ule ukuta wa kutenganisha vyoo viwili ulibomolewa likizo ya Agosti. Mifuko ya simiti minane, mlango mmoja, fundi siku nne, na bomba la inchi moja na nusu la kushikilia nilichomea mimi na rafiki yangu wa jua kali bure. Funguo hakuna, mlango una komeo kwa ndani.

Gredi yake, ya Nne, ilikuwa ghorofani. Mimi nilikuwa tayari kuambiwa pole. Wakahamisha darasa, Gredi ya Pili ikapanda juu na ya Nne ikashuka chini. Darasa ndilo lilihama. Kuna mwalimu mmoja alinung'unika ati huku chini kuna kelele za uwanja, basi.

Hiyo shule naipa tano na bado kuna kitu kinanisumbua, na hii ndiyo naomba nyinyi mnaosukuma mambo ya sera msome polepole. Kila kitu kilichofanya kazi hapo kilifanya kazi kwa sababu mtu fulani alikuwa na roho safi na tepu kwa droo. Hedi ticha akihamishwa Januari je? Karatasi tunazo. Katiba ya 2010 kifungu cha 54 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya shule, ya kufika mahali, ya kupata vifaa. Kuna sera ya 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu, inasema elimu jumuishi. Kuna sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyosainiwa Mei 2025 ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Mimi sina shida na karatasi, nazipenda, nimezisevu zote. Lakini zote zinaongea kuhusu kiti mahali pamoja na mlango mahali pengine. Kiti kiko upande wa misaada, ni mambo ya hospitali na harambee na mheshimiwa akija na lori la viti hamsini saizi moja apigwe picha. Mlango uko upande wa majengo ya shule. Mtoto ndiye pekee ako pande zote mbili.

Angalia vitabu. Tangu 2018 serikali inapeleka vitabu hadi shuleni, hesabu ikiwa kitabu kimoja kwa mtoto mmoja kwa kila somo. Hakuna mtu anaita hiyo msaada, hakuna mbunge anapiga picha na mtoto ameshika kitabu cha hesabu cha Gredi ya Nne. Na akipanda gredi kitabu kinabadilika, hakuna anayemwambia tumia tu cha mwaka jana utakua ndani. Kiti cha mtoto wa shule kiwekwe hapo. Apimwe kila Januari kama anavyopimwa viatu, na siku hiyo hiyo mlango upimwe, na hizo namba mbili ziandikwe kwa ile barua ya asesmenti, moja juu ya nyingine. Kama kiti ni kikubwa kuliko mlango, mtu apewe tarehe ya kubomoa.

Pesa nayo. Kwa mkutano wa wazazi tulisomewa, mtoto wa primary anatengewa 1,420 kwa mwaka na mwenye mahitaji maalum anaongezewa 2,300. Jumla 3,720, gawa kwa term tatu ni 1,240. Mipira na diapers peke yake zinamaliza hiyo kabla ya wiki ya tatu kuisha, na bado hakuna mtu wa kumsaidia chooni siku mama yake ako na kazi. Sisemi niletewe mimi mkononi, mimi nitanunua petroli. Lakini imfuate mtoto kule aliko, na kwa shule ya kawaida kuwe na mtu mmoja ameajiriwa kazi hiyo, hata kama ni nusu siku.

JSS, ile junior secondary, inakuja, imebaki miaka mitatu tu. Darasa unaweza kuhamisha, maabara ya sayansi huwezi, na nimeshaiona iko juu, ngazi kumi na saba. Nimemwambia hedi ticha tuanze kuongea sasa, akacheka, akasema Baba wewe, choo hakijakauka rangi. Lakini aliandika.

Kwa wale watakaouliza inbox: kile kiti cha kwanza siuzi, msiniulize bei, sitaki mtoto mwingine akikalie. Mama yake anakitumia kubebea maji, mitungi miwili ya lita ishirini inakaa pale vizuri kabisa, na ni kweli, kwa upana huo kilikuwa kimepimwa.